Mbuzi wa Pembeni na Kiko cha Bwana Msa

Anayeniomba kitabu simpi papo hapo. Namuuliza kwanza atakisoma saa ngapi, na nani atakuwa karibu naye akikisoma. Hapa Kipkelion majibu ya maswali hayo mawili hunitosha. Mama anayesema "usiku, watoto wakishakula" anataka kitabu cha kusomwa kwa sauti. Kijana anayesema "Jumapili nikitoka kanisani" anataka kitabu cha kumshika mpaka ng'ombe waanze kulia wakidai kukamuliwa. Mzee anayesema macho yake hayaoni tena herufi anataka mjukuu wa kumsomea, na huyo mjukuu naye anataka kitabu asichokichoka upesi.

Nimefundisha shule za msingi za huku tangu ujana hadi nilipostaafu, na rafu iliyo sebuleni mwangu sasa ni ya majirani kuliko yangu. Katika vitabu ninavyoazima watu, aina mbili ndizo zinazorudi zimechakaa kuliko zote, na kitabu cha kuazima kikichakaa ujue kimefanya kazi. Ya kwanza ni vitabu vya picha vya watoto. Ya pili ni riwaya za upelelezi za kiungwana: mtu ameuawa au mali imeibwa, lakini damu haimwagiki mbele ya msomaji, bastola hazilii kila ukurasa, na anayelifumbua fumbo ni mtu wa kawaida anayejua kutazama na kusikiliza. Wengi huona aina hizi ziko mbali kama mbingu na ardhi, moja ya watoto wasiojua kusoma, nyingine ya watu wazima wenye nafasi. Mimi naziweka rafu moja, zikigusana, na nina sababu.

Kipkelion haikuanza kama mji wa vitabu. Ilianza kama mji wa reli. Ramani za zamani zinaiita Lumbwa, stesheni kwenye njia iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901. Ukipanda kuelekea Kericho unaingia kwenye chai. Huku kwetu ni kahawa, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Maduka yetu yanauza vitabu vya kiada, madaftari na kalamu, na mzazi akiuliza kitabu cha hadithi huulizwa kwanza ni cha darasa gani. Maktaba ya umma iko Kericho mjini, na nauli ya matatu kwenda na kurudi ni pesa ya unga. Kwa hiyo kitabu hutufikia kwa mkono wa mtu. Mtu huyo asipojua ampe nani, kitakaa juu ya kabati mpaka panya wakikute. Ndiyo maana nalichukulia jambo la kupendekeza vitabu kwa uzito.

Aliyenifundisha kuvipima vitabu ni shangazi yangu. Marehemu baba alikuwa kibarua wa reli, na mara moja moja alirudi nyumbani na gazeti au kitabu kilichosahauliwa na abiria. Safari moja alileta Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Jalada lilikuwa limeng'oka, shangazi akalishona kwa uzi wa katani aliouchomoa kwenye gunia, mishono mirefu iliyopinda, ambayo ukifungua kitabu ilikukwaruza kidole gumba. Juu ya ukurasa wa kwanza msomaji fulani alikuwa ameandika kwa wino wa buluu jina la mkosaji, akalipigia mstari mara mbili.

Nililia kwa hasira. Shangazi, ambaye masomo yake yaliishia darasa la nne, alilitazama lile jina, akageuza ukurasa. "Kaa chini," akaniambia. "Sasa tutaona anavyofichwa." Tukakisoma kitabu kizima kwa mwanga wa koroboi, jioni baada ya jioni. Kila mtu yule alipotokea, shangazi aliinua kidole, nami nikanyamaza, tukasikiliza anasema nini, anajua nini mapema kuliko inavyopasa, anakwepa swali gani. Tulipomaliza, shangazi alikuwa na furaha kuliko mtu aliyeshtukizwa na jibu. Mwandishi hakuwa ametuibia kitu. Yote yaliyohitajika yalikuwa yamewekwa mezani, mbele ya macho ya kila mtu, na mtu asingeyaona.

Tangu hapo kipimo changu cha riwaya ya upelelezi kimekuwa hicho hicho: je, itasomeka na mtu anayemjua mkosaji? Nyingi hazisomeki. Ukishajua nani kaua, kilichobaki ni kukimbizana kwa magari. Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, anasomeka. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, ana Inspekta Seif wa polisi, na hana haraka. Abdulla mwenyewe alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi idara ya afya kama mkaguzi kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari mwaka 1948. Mimi naamini ukaguzi ule ndio uliomlea mpelelezi wake: mtu aliyezoea kuingia majumba ya watu, akatazama mtungi, uchochoro, jiko, akajua mambo ambayo mwenye nyumba hakuyasema. Mzimu wa Watu wa Kale ulishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ukachapishwa 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mzimu ulipotoka, katika riwaya nyingi za Kizungu za aina hii Mwafrika alikuwa bado hajapewa hata kiti.

Nina sababu nyingine ya kumpendekeza Bwana Msa kwa watu wa huku, na sababu hii naisema waziwazi kwa kila anayeazima. Mtu akifa ghafla kijijini, minong'ono huanza, na mara nyingi huishia mlangoni pa kikongwe anayeishi peke yake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale watu wako tayari kabisa kuuachia mzimu lawama. Bwana Msa haudharau mzimu wala hawacheki wanaouamini. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani alinufaika, nani aliona nini. Nimempa kitabu hicho kijana aliyekuwa tayari kushika fimbo kwa ajili ya minong'ono kama hiyo. Sikumwambia kwa nini nimempa. Alipokirudisha aliniomba kingine, na kwa wiki kadhaa akawa ananieleza habari za kijijini kwa maswali badala ya majibu.

Kiswahili cha Abdulla ni cha Unguja, kitamu na kizito, na msomaji wa bara hujikwaa kurasa za mwanzo. Usimwache peke yake nazo. Mimi humkalisha mtu nikamsomea sura ya kwanza kwa sauti, chai ikiwa mezani, kisha nampa kitabu aende. Masikio yakishazoea, macho hufuata.

Sasa vitabu vya picha. Eileen Browne, Mwingereza, alichapisha mwaka 1994 kitabu kiitwacho Handa's Surprise, hadithi ya msichana wa Kijaluo anayembebea rafiki yake Akeyo kikapu cha matunda saba kichwani. Njiani tumbili anachukua ndizi, mbuni anachukua pera, pundamilia chungwa, na kuendelea hivyo hadi kasuku, na Handa haoni lolote kwa sababu kikapu kiko juu ya kichwa chake naye yuko njiani akiwaza ni tunda gani Akeyo atalipenda zaidi. Maneno ya kitabu hayasemi kwamba Handa anaibiwa. Picha ndizo zinazosema. Mwishoni mbuzi anakurupuka, anaugonga mchenza, na chenza zinajaza kikapu kilichokuwa kitupu. Handa anafika, Akeyo anafurahi kwa kuwa chenza ndizo anazozipenda, na Handa ndiye anayeshangaa kuliko wote.

Nilikisoma darasa la pili, kwa Kiswahili changu mwenyewe, nikiwa nimekiinua kitabu juu ili wa nyuma waone. Nilisoma maneno tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu ambaye naye haoni. Nilipofika kwa tumbili, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliondoka mahali pake bila ruhusa, akaja mbele, akaweka kidole juu ya mkono wa tumbili. "Mwalimu, anaibiwa!" Nikasema, "Nani?" nikageuza ukurasa. Kufikia kwa tembo darasa zima lilikuwa limesimama likimwita Handa ageuke. Siku iliyofuata walikitaka tena. Walijua kila mnyama atakayekuja na kila tunda litakalokwenda, na walipiga kelele zile zile, ila safari hii wengine walikuwa wameanza kutafuta mnyama wa ukurasa ujao anachungulia wapi.

Nilimkumbuka shangazi na lile jina la wino wa buluu. Watoto wale walikuwa wanafanya kazi ile ile. Tofauti ni mahali msomaji anaposimama: katika Handa msomaji anajua kuliko mhusika, katika Bwana Msa mpelelezi anajua kuliko msomaji. Lakini kazi ni ya macho, na mwandishi ameficha mambo yake hadharani. Mtoto aliyekuzwa na mbuzi wa pembeni ya picha atakuwa msomaji mzuri wa ushahidi ulioachwa pembeni ya aya. Ndiyo sababu ya rafu moja.

Anayetaka kuona ustadi huo ulivyosukumwa hadi mwisho wake atafute Rosie's Walk cha Pat Hutchins, cha mwaka 1968. Kitabu kizima ni sentensi moja ya maneno 32. Kuku anatembea uani, anarudi kula chakula chake cha jioni. Nyuma yake, picha baada ya picha, yuko mbweha anayetaka kumkamata, na katika maneno yale 32 mbweha hatajwi hata mara moja. Mtoto asiyejua kusoma ndiye anayemsimulia mtu mzima. Kwa nyumba ambayo baba anaona haya kusoma mbele ya watoto kwa kuwa shule ilimpita, sijapata kitabu bora zaidi. Maneno ni machache, hayamtishi, na watoto wana mengi ya kumwonyesha.

Kipo kingine ambacho kwetu kina mahali pake maalumu. Verna Aardema, mwandishi wa Marekani, alitoa mwaka 1981 Bringing the Rain to Kapiti Plain, kilichochorwa na Beatriz Vidal. Chanzo chake ni hadithi ya Wanandi, ndugu zetu sisi Wakipsigis, iliyokusanywa na Claud Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1909. Mchungaji Ki-pat anasimama kwa mguu mmoja kama korongo akitazama ng'ombe wake walivyokonda, wingu jeusi liko juu lakini haliachilii mvua, basi anatengeneza mshale kwa unyoya wa tai na kulichoma. Maneno yanaongezeka mstari kwa mstari, kila ukurasa ukiyabeba yote yaliyotangulia, na mtoto huyashika kabla ya jioni kwisha.

Nilimpelekea kitabu hicho mzee mmoja jirani ambaye amechunga maisha yake yote. Mjukuu wake alisoma kwa Kiingereza cha shule, nami nikafasiri. Mzee alimsikiliza Ki-pat kwa adabu zote, kisha akaomba kitabu, akakisogeza karibu na uso, akaanza kukagua ng'ombe mmoja mmoja. Akauliza mto uko wapi. Akauliza ndama wako wapi, kwa sababu kundi lisilo na ndama lina habari yake. Kisha akakifunga kitabu, akaisimulia ile hadithi upya kwa Kikipsigis kwa namna aliyoisikia yeye kwa kogo, yaani bibi yake, kwa mwendo mwingine na mwisho mwingine, na mjukuu akabaki amekaa na kitabu mapajani akimtazama babu. Hadithi ilichukuliwa huku na afisa wa kikoloni, ikaenda Oxford ikachapishwa, ikafika Marekani ikapata picha, ikarudi mlimani kwetu kumfungua mdomo mzee. Nakipendekeza kwa ajili ya hilo.

Kuna wakati nilihitaji kufikiri sana kabla ya kumpa mtu riwaya ya mauaji. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kipkelion iliungua. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, majirani walikimbiana. Watawa wa Kitrapisti, waliokuja hapa mwaka 1956 kutoka monasteri ya Tilburg nchini Uholanzi, waliwafungulia milango waliokimbia, na mwaka 2008 jumuiya yao yenyewe ikahamia Uganda. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika majina ya walioshukiwa, ikayafunga ndani ya bahasha. Kesi zikaenda The Hague, zikaisha kufikia 2016 bila mtu kutiwa hatiani kwa mauaji yale.

Nesi mmoja wa zahanati, ambaye nyumba ya wazazi wake ilikuwa miongoni mwa zilizochomwa, alikuja kwangu miaka kadhaa baadaye kuomba cha kusoma zamu za usiku. "Mwalimu, usinipe cha kuuana," akasema. Ninazo za Elvis Musiba, zenye Willy Gamba na mbio zake. Ni riwaya zilizosomwa na Afrika Mashariki nzima, na vijana huzipenda kwa haki. Hazikuwa zake. Nilimpa The No. 1 Ladies' Detective Agency ya Alexander McCall Smith, iliyotoka 1998, ambamo Mma Ramotswe wa Botswana anafungua ofisi ya upelelezi kwa urithi wa ng'ombe wa baba yake, anakunywa chai ya vichaka, na kuwasikiliza watu wenye shida za kawaida: mume aliyepotea, binti anayeshukiwa kuficha kitu, mtoto aliyeibwa. Hilo la mwisho si jepesi, nami nilimwambia kabla hajakichukua. Anayependekeza kitabu ana wajibu wa kunyamaza kuhusu fumbo, lakini hana haki ya kunyamaza kuhusu kidonda.

Alipokirudisha alisimama mlangoni akasema, "Huyu mama anamsikiliza mtu mpaka amalize." Akachukua cha pili. Kisha akamaliza nilivyokuwa navyo, na Bwana Msa juu yake. Nimewaza sana kwa nini riwaya ya kiungwana ilimfaa mtu aliyeona yale aliyoyaona. Nadhani ni kwa sababu ndani yake kosa hutajwa kwa jina lake, mkosaji hujulikana mbele ya watu, na waliobaki huketi tena meza moja wakijua ukweli. Si dunia tuliyoipata sisi. Lakini mtu anahitaji kuikumbuka dunia hiyo, asije akaamini kwamba haiwezekani. Wanaozidharau riwaya hizi kuwa ni za kupotezea wakati hawajakaa na msomaji kama nesi yule.

Sipendekezi kila kitu. Elspeth Huxley, aliyeishi Njoro, ng'ambo ya Mau, aliandika riwaya za upelelezi kabla ya Vita vya Pili, Murder at Government House ya mwaka 1937 na Murder on Safari ya 1938. Zimeundwa kwa ustadi. Lakini Mwafrika humo ni mpishi, ni askari, ni mbeba mizigo, na msomaji wa Kipkelion atajitafuta kitabu kizima ajione ameshika sinia. Huwapa wanafunzi wa historia, na huwaambia wazitazame kwa jicho la shangazi yangu: nani anafichwa hapa, na kwa nini?

Upande wa watoto nakataa vitabu ambavyo mwandishi hakuiamini hadithi yake, akabandika mahubiri mwishoni na maswali ya ufahamu chini yake. Na wazazi nawaomba jambo moja: mkimaliza kumsomea mtoto, msimuulize amejifunza nini. Mwacheni arudi kwenye picha. Mwacheni akishike kitabu mwenyewe, hata kama mikono ina mahindi. Mtoto anayetahiniwa kila baada ya hadithi hujifunza kuwa hadithi ni mtihani, na mitihani anayo ya kutosha shuleni. Kwa wakubwa kidogo, wenye miaka kumi na zaidi, Barbara Kimenye wa Uganda na vitabu vyake vya Moses, vilivyoanza miaka ya sitini, bado vinachekesha na bado vinamvusha mtoto kutoka kwenye picha hadi kwenye kurasa zilizojaa maneno.

Na kwa mtoto anayeniuliza kama upelelezi upo kweli, namwonyesha bonde. Ukiteremka na reli kuelekea Kisumu unafika Fort Ternan, na hapo, mwaka 1961, Louis Leakey na wenzake walipata vipande vya taya na meno kwenye shamba la Fred Wicker. Kutokana na vipande hivyo walimtambua kiumbe wa kale wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi kama miaka milioni 14 iliyopita, wakamwita Kenyapithecus wickeri. Hakuna shahidi, hakuna aliyekiri, kuna meno tu na watu wanaojua kutazama. Watoto wa huku wakishasikia hayo hutembea wakiangalia chini.

Bei ni tatizo, na sitalipamba. Kitabu cha picha cha rangi kutoka ng'ambo kinagharimu vibarua vya siku nyingi shambani. Tangu 2014 mradi wa African Storybook umekuwa ukitoa hadithi za picha bure mtandaoni, nyingi kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kuzichapa. Mimi huzichapa saiba, nazishona kwa uzi mgongoni, maana stepla hushika kutu. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 umewezesha vitabu vingi vya Kiswahili, na John Kilaka amechora wanyama wake kwa rangi za tingatinga wakiwa wamevaa nguo kama watu wa gulioni, picha ambazo mtoto anaweza kuzikagua jioni nzima. Mtu wenu akienda Dar es Salaam, mtumeni vitabu kabla ya kanga.

Kinachokosekana bado ni riwaya ya upelelezi ya kiungwana ya huku juu. Mahali pake pako tayari. Kituo cha kununulia majani ya chai upande wa Kericho, wachumaji wamepanga foleni na vikapu, karani ameshika kitabu cha kilo, mizani inaning'inia, na siku moja hesabu ya kilo inakataa kulingana na mzigo uliopakiwa kwenye lori. Nani anajua? Mama muuza uji anayekaa pale kila siku na kuona kila mkono unaogusa mizani. Huyo ndiye mpelelezi wetu. Na kwa watoto, hadithi ile ile kwa picha, maneno machache, na mkosaji amesimama pembeni ya kila ukurasa akimngoja mtoto amwone. Anayejua kuandika miongoni mwenu, na anayejua kuchora, shikaneni mliandike hilo. Likiwa tayari leteni nakala Kipkelion. Wasomaji wako, na jina la mkosaji sitamwambia mtu.